Daftari la Jikoni

Somo letu la mwezi huu ni la jikoni. Wazee wa kanisa wanaotembelea nyumba za Wakristo wametuambia kwamba karibu kila nyumba wanayoingia husikia neno moja: pesa ya matumizi haitoshi. Wakatuomba sisi tuliofundisha hesabu tuandike kidogo juu ya ununuzi wa chakula. Tulisita. Maana tulifundisha hesabu kwa miaka 37, na katika miaka hiyo yote hatukuweza kusema kwa hakika nyumba yetu inakula shilingi ngapi kwa mwezi. Tulijua tu kwamba mshahara ulikuja na mshahara ukaenda. Basi msomaji asidhani kwamba anafundishwa na watu wasiokosea.

Yafaa tueleze kwanza jinsi macho yetu yalivyofunguka.

Tulistaafu sote wawili, mume na mke, mwaka 2021. Nyumbani tuko watu watano, sisi na wajukuu watatu. Pensheni ni ndogo kuliko mshahara, lakini midomo ni ile ile na sahani ni zile zile. Kwa miezi kadhaa tuliendelea kununua kama tulivyozoea tulipokuwa kazini: leo robo ya sukari, kesho kipimo cha mafuta, keshokutwa fungu la dagaa. Pesa ikiisha mtoto hutumwa dukani na maneno haya: "Mwambie aandike."

Jioni moja mwezi wa Machi mwaka 2022 mwenye duka akaja nyumbani mwenyewe. Alituamkia kwa heshima zote, akakaribishwa chai, akanywa, kisha akasema, "Walimu wangu, sikuja kugombana. Ila hesabu imefika 87,400, na mimi nami nadaiwa na duka la jumla." Mmoja wetu alidhani deni letu halizidi 30,000. Mwingine alijua kwamba ni kubwa, akalificha kwa kuona aibu. Mgeni alipoondoka tulisemezana maneno ambayo hatutayaandika hapa. Na katikati ya maneno hayo likatoka jambo la pili. Yule aliyekuwa akimlaumu mwenzake kwa kuficha deni la duka, naye alikuwa na siri yake: alikuwa ameiacha kadi yake ya benki kwa mkopeshaji wa mtaani. Alikuwa amekopa 150,000 za kununulia unga na kulipia sare za watoto, kwa ahadi ya kurudisha 195,000 mwisho wa mwezi. Yaani pensheni ya mwezi uliofuata ilikuwa imekwisha kuliwa kabla haijafika.

Tulikaa kimya muda mrefu. Watu wawili waliosoma, wanaolala chumba kimoja, kila mmoja alikuwa anailinda nyumba kwa kumficha mwenzake. Tuliuza mbuzi wawili, tukaongeza kidogo, tukaikomboa ile kadi. Mwenye duka akakubali tumlipe kidogo kidogo kila mwezi, mradi tusiongeze deni jipya. Kesho yake tukanunua daftari la kurasa 48, tukalifunga kamba na kalamu ya risasi, tukalitundika kwenye msumari karibu na jiko.

Kanuni ya daftari hilo ilikuwa moja tu: kila shilingi inayotoka kwa ajili ya kitu cha kuliwa, kunywewa au kupikia iandikwe siku ile ile, na aandike mjukuu wetu wa darasa la 5. Tulimchagua yeye kwa sababu mwandiko wake ni mzuri, na pia kwa sababu, tukiri ukweli, mtoto hana haya. Sisi tungeandika "matumizi mengine." Yeye aliandika "soda ya babu," "vocha ya bibi," "maandazi ya babu tena." Vocha si chakula, lakini ilitoka katika pesa ya chakula, naye akaiandika.

Mwezi wa kwanza tulishangaa. Tulikuwa tumeamini kwamba unga ndio unaotumaliza. Kumbe maandazi ya asubuhi, mawili kwa kila mtu kwa 100 kila moja, yalikuwa yanachukua 1,000 kwa siku, yaani 30,000 kwa mwezi. Kitu hicho hakuna aliyewahi kukiona kuwa ni gharama, kwa kuwa 1,000 haiumi. Tukarudia uji wa ulezi na viazi vitamu vya kuchemsha, na maandazi yakabaki ya Jumapili. Kifungua kinywa kilitugharimu kama 12,000 kwa mwezi badala ya 30,000, na watoto walinung'unika wiki mbili tu.

Sasa tuingie katika hesabu yenyewe. Tunaomba kila msomaji achukue kalamu, maana somo la hesabu halisomwi kwa macho peke yake. Bei tutakazozitaja ni zile zilizoandikwa katika daftari letu mwaka 2022 na mwanzoni mwa 2023. Wewe weka za sokoni kwako za leo.

Tuanze na mafuta ya kupima. Dukani kwetu kipimo kimoja kiliuzwa 500, na lita nzima 6,500. Tulitaka kujua vipimo vingapi hujaza lita. Tukachukua chupa tupu ya lita moja, na kwa siku kadhaa tukawa tunamimina humo kila kipimo tulichonunua kabla hatujakitumia, tukitia alama ya wino ubavuni. Ilichukua vipimo 16. Zidisha mara 500, unapata 8,000. Basi anayenunua kwa kipimo hulipa 1,500 zaidi kwa kila lita. Sisi tulitumia kipimo kimoja kwa siku, kwa hiyo karibu lita 23 kwa mwaka. Tofauti ni 34,500. Sukari nayo: robo kilo 750, kilo nzima 2,700. Robo nne ni 3,000, tofauti 300. Kilo moja kwa wiki, wiki 52, tofauti ni 15,600. Jumlisha vitu hivi viwili: 50,100 kwa mwaka, na bado hatujagusa chumvi, majani ya chai, sabuni wala mkaa.

Hapa lazima tuseme neno kwa haki ya mwenye duka. Yeye si mwizi. Anayekuuzia mafuta ya 500 hununua dumu zima, huvumilia yanayomwagika, husimama siku nzima akipima vijiko, na pesa yake hurudi polepole. Kazi hiyo ina malipo yake. Wala mnunuzi wa kipimo si mjinga, kama wanavyosema wengine wenye mishahara. Mama aliyeuza mboga akapata 3,000 jioni, atanunuaje lita ya 6,500? Hununua kwa kipimo kwa sababu pesa yake nayo huja kwa kipimo. Hatupendi mafundisho yanayomwambia mtu kama huyo "nunua kwa jumla" kisha yakaondoka. Swali la kweli ni hili: atatoaje mguu mmoja kutoka katika shimo hilo ili aweze kuutoa na wa pili?

Jibu letu ni kuanza na kitu kimoja tu. Usijaribu mafuta, sukari, unga na mkaa kwa mwezi mmoja, utashindwa, na ukishindwa utarudi nyuma zaidi. Chagua kile ambacho tofauti ya bei yake ni kubwa na ambacho hakiharibiki upesi. Kwetu kilikuwa mafuta. Tulijinyima soda na vocha kwa wiki tatu mpaka lita moja ikapatikana. Lita ile ilipokuwa inakaribia kwisha, zile 500 za kila siku, ambazo sasa tulizitia katika kopo kana kwamba tunanunua kipimo, zilikuwa zimefika 8,000. Tukanunua lita nyingine, na 1,500 ikabaki ndani ya kopo. Huo ndio mguu wa kwanza.

Lakini tulipata ajali moja ambayo yafaa kuisimulia. Mwezi wa pili tulifurahi tukanunua dumu la lita 5. Tulitarajia limalize siku 80. Lilikwisha baada ya siku 50. Hakuna aliyeiba. Ni kwamba mkono unaomimina kutoka katika dumu kubwa haumimini kama mkono ulioshika kijichupa. Mchicha uliokuwa ukikaangwa kwa kijiko ukawa unaogelea. Yaani faida yote ya kununua kwa wingi tuliila na zaidi. Tangu siku ile dumu hufungiwa kabatini, na kila Jumamosi hujazwa chupa ndogo ya wiki. Ikiisha Alhamisi, basi Ijumaa tunakula vya kuchemsha. Vivyo hivyo kwa sukari. Mtu anayenunua kwa wingi bila kupima atumiapo, heri arudi kwenye robo yake, kwani mwenye duka alikuwa akimpimia bila yeye kujua.

Labda sisi wazee tuna udhaifu zaidi katika jambo hili, kwa sababu ya mambo tuliyoyapitia. Sisi tulikuwa chuo cha ualimu tangu 1982 hadi 1984, wakati wa foleni. Vijana hawajui. Mtu aliona watu wamejipanga mbele ya duka, akajipanga kwanza, kisha ndipo akauliza, "Kuna nini leo?" Sukari, sabuni, mafuta ya kula, vyote vilikuwa vya kubahatisha, na tulikula ugali wa yanga tukashukuru. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, na mtu aliyekuwa na katoni mbili za sabuni alihofu usiku. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, rafu zikaanza kujaa tena. Shida ya siku zile ilikuwa pesa ipo na kitu hakipo. Ya siku hizi ni kinyume chake, lakini mikono yetu bado inakumbuka foleni: tukikiona kitu kwa wingi tunataka kukichukua chote, na tukikipata tunakitumia kana kwamba ni sikukuu.

Sasa tuje kwenye mahindi, maana hapo ndipo penye pesa hasa.

Sisi wa Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, tangu Desemba hadi Aprili hivi. Mavuno huanza Mei na kuendelea hadi Julai. Wakati huo kila mkulima anataka kuuza, kwa kuwa ana madeni na ada na hana mahali pa kuweka, na bei huanguka. Kisha Januari, Februari na Machi, shamba likiwa bado ni majani, ghala zimekuwa tupu na bei hupanda. Jambo hili si siri, kila mtoto wa Mgogo analijua. Hata hivyo wengi wetu hununua unga kwa kilo Februari, na Julai tunapita kando ya magunia sokoni bila kuyatazama.

Julai mwaka 2022 gunia la kilo 100 tulilinunua kwa 75,000. Pesa ilitoka wapi? Maandazi ya miezi mitatu yalitupa 54,000. Tofauti ya mafuta na sukari kwa miezi hiyo ilikuwa kama 12,500. Iliyopungua tulimuuza jogoo. Mfuko wa kuhifadhia ulikuwa 5,000, na kusaga kidogo kidogo baadaye kulitugharimu kama 10,000. Jumla 90,000. Gunia hilo hatukuligusa mpaka Januari mosi 2023. Nyumba yetu hula kilo moja na nusu ya unga kwa siku, basi lilitufikisha wiki ya kwanza ya Machi. Katika siku hizo unga dukani ulikuwa 1,800 kwa kilo. Kilo 100 zingetugharimu 180,000. Tulilipa nusu kamili.

Tusidanganyane, si kila mwaka huwa hivyo. Mwanzoni mwa 2024 sisi tuliokuwa na magunia mawili hatukuona faida kubwa, kwani mavuno yalikuwa mazuri na bei haikupanda sana. Lakini mwezi wa Februari hatukwenda kwa mkopeshaji, na riba ya 45,000 kwa mwezi mmoja ni karibu nusu ya gharama yote ya gunia letu la kwanza.

Kununua ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhifadhi, na hapa makosa huua. Hatutumii neno hilo ovyo. Mwaka 2016 hapa kwetu katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu wapatao 20 walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu hiyo hutengenezwa na ukungu unaoota katika nafaka na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Haitoki kwa kupika wala kwa kuosha, na pengine haionekani kwa macho. Kwa hiyo mahindi yaliyooza au yenye ukungu usiyachanganye na mazima "yasipotee." Usimpe hata kuku, maana sumu itamdhuru naye.

Njia ya kupima ukavu ni rahisi na haina gharama. Chukua chupa kavu yenye kifuniko, tia mahindi hadi theluthi moja, ongeza vijiko kadhaa vya chumvi iliyokauka vizuri. Tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie robo saa. Ikiwa chumvi imenata kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Ikiwa haikunata, yamekauka, waweza kuyafunga. Anika juu ya turubai au mkeka, kamwe si juu ya udongo mtupu, na jioni uyaingize ndani kabla umande haujaanguka.

Adui wa pili ni wadudu. Wazee watakumbuka jinsi dumuzi alivyoingia. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kati, na hapa nchini alionekana kwanza Tabora kuanzia mwisho wa miaka ya 1970, akaenea. Watu wengine walimwita Skania. Gunia la mahindi humgeuza kuwa unga wa vumbi kwa miezi michache. Wako watumiao dawa ya unga, nao wasome maandishi ya pakiti na kungoja siku zilizotajwa kabla ya kula. Sisi tunatumia ile mifuko iitwayo ya kinga njaa, yenye plastiki mbili ndani na gunia nje. Kila plastiki hufungwa peke yake, kwa nguvu, hewa ikiwa imekamuliwa. Wadudu waliomo huimaliza hewa iliyobaki, kisha hufa. Mfuko huu hautaki kufunguliwa mara kwa mara. Kila ukifungua unawapa pumzi. Kwa hiyo toa mahindi ya wiki mbili au tatu kwa mara moja, funga tena, na usiuweke mahali ambapo panya atautoboa. Sisi tuliweka juu ya mbao, mbali na ukuta.

Na ukisaga, saga dona. Katika kukoboa sembe karibu robo ya mahindi huenda kwenye pumba, pamoja na sehemu kubwa ya vitamini na mafuta yake. Mtu ananunua gunia, anakula robo tatu. Wapo wanaosema dona ni chakula cha shule na jela. Hao wana pesa. Ila dona haikai muda mrefu, yale mafuta ya kiini huchacha ikawa chungu, basi usisage zaidi ya wiki mbili. Na asiyepata mahindi asidharau mtama na uwele, nafaka zinazovumilia jua la kwetu kuliko mahindi. Tumewaona watu wakiona haya kumkaribisha mgeni ugali wa uwele, kisha wanakopa unga mweupe dukani. Mgeni mwenyewe kwao anakula uwele.

Kwa wanaokaa mbali na wakulima, katika wilaya ya Kongwa lipo soko kubwa la nafaka la Kibaigwa, kando ya barabara ya Dodoma na Morogoro. Nyumba nne au tano zikiungana, nauli ya mzigo hugawanyika. Lakini ungamanifu huo una kanuni yake, nasi tuliijifunza kwa hasara. Mara ya kwanza tulikuwa nyumba tano. Tatu zilitoa pesa, mbili zikasema "nunueni tu, tutalipa mwisho wa mwezi." Tukanunua. Mwisho wa mwezi ule haujafika mpaka leo, na salamu zimepungua. Sasa tunasema kwa upole kabisa: pesa kwanza, gunia baadaye. Asiye na pesa ya gunia ajiunge na mwenzake wagawane debe, lakini naye atoe kwanza.

Ununuapo, dai mizani. Kisheria gunia la mazao lisizidi kilo 100, na lumbesa imekatazwa. Msomaji atasema lumbesa inatufaa sisi wanunuzi. Labda, kwa mwaka mmoja. Lakini mkulima huyo ni mjomba wako au mwana wa dada yako, na akiona kilimo hakilipi ataacha shamba aje mjini kukaanga chipsi, na wewe utakula nini?

Mboga tutazitaja kwa ufupi. Nyanya, vitunguu na mchicha hupanda na kushuka kama maji kisimani, na anayeijua miezi yake hununua zikiwa nyingi na kukausha. Majani ya kunde na mlenda wetu wa kukausha haupitwi na mboga yoyote ya bei hiyo. Hauhitaji mafuta, huiva upesi, na karanga za kutwanga huufanya uwe na nguvu. Maharage yaloweke tangu jioni, umwage maji hayo, upike asubuhi kwa sufuria iliyofunikwa. Hupunguza muda wa moto sana, na mkaa ni sehemu ya bei ya maharage ingawa hauandikwi kwenye mfuko wake. Pika ya siku mbili kwa moto mmoja, ukiweza kuyachemsha tena vizuri siku ya pili. Nunua maharage mapya, yale ya miaka mingi hula mkaa kuliko bei uliyopunguziwa.

Jambo moja lililotusumbua katika kuandika somo hili ni hofu kwamba kuna atakayelichukua akabana mahali pasipofaa. Tumeona nyumba ambako pesa ikipungua hukatwa maharage, dagaa na yai la mtoto, lakini sukari ya chai haikatwi, wala soda ya wageni. Huo ni ubanaji wa kinyume. Mtoto wa miaka miwili akikosa sukari mwezi mzima hatadhurika, akikosa maharage, karanga na dagaa mwezi mzima utamwona. Katika daftari letu tumepiga mstari mwekundu chini ya vitu hivyo, kuonyesha kwamba haviguswi hata tukipungukiwa. Chini ya dawa pia. Baba wa nyumba naye asiache pesa ya matumizi mezani kisha akauliza jioni kwa nini nyama haipo. Asome daftari, au aende sokoni mwenyewe mara moja kwa mwezi. Mmoja wetu alianza kwenda akiwa na umri wa miaka 61, akarudi siku ya kwanza na nyanya zilizooza chini ya fungu, na tangu hapo hajalalamika.

Deni la dukani tulilimaliza Septemba mwaka ule ule. Tulikwenda sote wawili pamoja na mjukuu na daftari lake. Mwenye duka akafungua la kwake. Tukalinganisha mstari kwa mstari, na tofauti ilikuwa 600, ambazo sisi ndio tulikuwa tumesahau kuandika. Akacheka akasema, "Walimu, mwacheni huyu mtoto aje anifundishe na mimi."

Kazi ya nyumbani. Kwa wiki nne andika kila kitu, bila kubadilisha chochote katika ununuzi wako. Wiki ya tano kaeni wote wawili, au wewe na wanao wakubwa, mtafute kitu kimoja mnachokilipia zaidi kwa kukinunua kidogo kidogo. Kisha fanya hesabu hii: gunia la mkaa huuzwa 40,000, na hutoa makopo 54 ya 1,000. Nyumba inayotumia makopo 9 kwa wiki humaliza magunia mangapi kwa wiki 52, na ingeokoa kiasi gani kama ingenunua kwa gunia? Jibu, pamoja na daftari zenu, mje nalo Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya ibada, katika chumba cha shule ya Jumapili. Letu tutakuja nalo pia, na ukurasa wa maandazi upo wazi kwa kila atakayetaka kuusoma.